Mgeni si Mvamizi: Maneno Mawili ya Kiingereza na Somo la Msitu wa Sigi



Somo letu safari hii linahusu maneno mawili ya Kiingereza: "alien" na "invasive". Ni maneno ya kawaida ambayo wataalamu wa mimea na wanyama wameyachukua na kuyapa maana maalumu. La kwanza kwa Kiswahili tunasema "-geni", la pili "-vamizi". Katika vitabu na ripoti za uhifadhi maneno haya hukaa jirani sana, mara nyingi ndani ya sentensi moja, hata msomaji akadhani ni jambo moja lililosemwa mara mbili. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba anayetaka kufikiri vizuri aanze kwa kutenganisha maana. Basi tuzitenganishe.

Hatufanyi hivi kwa ajili ya mtihani. Maana hizi zikichanganywa, msitu unaumia na jirani anaumia. Msitu unaumia kwa sababu tunaweza kung'oa mti usio na kosa na kuuacha wenye madhara. Jirani anaumia kwa sababu hoja inayohusu miti huhamishiwa kwa watu bila sisi wenyewe kutambua: "Huyu si wa hapa, basi atatuharibia." Mfano wetu tutauchukua Sigi, chini ya Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki. Ni miongoni mwa mahali pachache ambapo tofauti ya maneno haya mawili inaweza kuonwa kwa macho.

1. Sigi na Amani, msitu uliopokea wageni wengi

Wengi wakisikia Usambara hufikiri Lushoto. Lushoto iko Usambara Magharibi; Usambara Mashariki iko ng'ambo ya bonde la Lwengera, karibu zaidi na bahari. Huko ndiko unakotoka mto Sigi, ambao unashuka hadi Bahari ya Hindi kaskazini mwa Tanga. Maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani na kutumiwa na wakazi wa jiji la Tanga. Kwa hiyo anayefungua bomba mjini ana uhusiano na msitu huo hata kama hajawahi kuuona.

Mahali paitwapo Sigi palikuwa mwisho wa reli nyembamba iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tengeni kwa ajili ya kubeba mbao. Nyumba ya msimamizi wa stesheni ilibaki, ikaja kutumika kama kituo cha habari kwa wanaoingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997.

Ukipanda kutoka Sigi unafika Amani. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha hapo taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo, chini ya Franz Stuhlmann. Lengo lilikuwa kujua ni mimea ipi ingeweza kuleta faida katika koloni. Zikaletwa mbegu na miche kutoka Asia, Amerika, Australia na sehemu nyingine za Afrika: mikwinini ya dawa ya malaria, misaji ya mbao, mikafuri, mikaratusi, miti ya mpira na mamia ya aina nyingine. Bustani ya mimea ya Amani ikawa moja ya kubwa kuliko zote Afrika. Kila mmea ulipopandwa uliandikwa: umetoka wapi, umewekwa wapi.

Kumbukumbu hizo zina thamani kubwa kwa somo letu. Wataalamu waliorudi Amani baada ya karne moja waliweza kuuliza swali ambalo mahali pengi haliwezi kujibiwa: tuliwapokea wageni hawa, je, kila mmoja wao alifanya nini?

2. "Alien" inasema kitu gani

Neno "alien" limetoka katika Kilatini "alienus", yaani kilicho cha mwingine, na mzizi wake ni "alius", mwingine. Katika sheria za Kiingereza neno hili kwa muda mrefu limemaanisha mtu asiye raia wa nchi alimo. Vijana wanalijua zaidi kutokana na filamu, ambamo ni kiumbe anayetoka sayari nyingine, na kwa kawaida haji kwa wema. Maana hiyo ya filamu tuiweke kando, kwa sababu inatia hofu ndani ya neno kabla hatujaanza kulitumia.

Katika elimu ya viumbe maana ni nyembamba zaidi. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai wa mwaka 1992, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996, umezaa miongozo inayoeleza kwamba kiumbe mgeni ni yule aliyeingizwa nje ya eneo lake la asili. Tukichambua, tunapata mambo matatu: kuna spishi fulani, kuna mahali fulani, na kuna mkono wa mwanadamu ulioipeleka spishi hiyo mahali hapo, kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Basi. Hakuna neno lolote kuhusu ubaya, wingi, kasi wala hasara.

Tena ugeni huu haufuati mipaka ya nchi. Chukua mti uitwao musizi, ambao jina lake la kitaalamu ni Maesopsis eminii. Musizi ni mwenyeji wa Uganda, magharibi mwa Kenya, Kongo, na kwetu kaskazini magharibi mwa Tanzania, upande wa Bukoba. Wajerumani waliuleta Amani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mti huo huo, wenye majani yale yale na matunda yale yale, ni mwenyeji Kagera na mgeni Usambara. Ungekuwa na kitambulisho cha taifa, kingekuwa cha Tanzania.

Mfano wa pili unaelekea upande wa pili. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliokota katika eneo la Tanga na Usambara ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mbegu zilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo linakaa katika vyungu kwenye madirisha ya nyumba nyingi Ulaya na Amerika. Kwa maana ya kitaalamu, ua letu la Usambara ni geni katika nyumba zote hizo. Je, limemdhuru nani? Limekaa dirishani, linamwagiliwa, linachanua. Ni mgeni, na neno hilo halijaliongezea kosa lolote.

3. "Invasive" inasema kitu gani

Neno "invasive" limetoka katika Kilatini "invadere", kuingia kwa nguvu. Ni neno la vita. Aliyelisambaza fikra hiyo katika elimu ya viumbe ni Mwingereza Charles Elton, kwa kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu uvamizi wa wanyama na mimea. Elton aliandika watu wakiwa bado na kumbukumbu za Vita Kuu ya Pili, na lugha ya kijeshi imebaki katika somo hili mpaka sasa: uvamizi, ulinzi, mapambano, kuangamiza.

Hata hivyo wataalamu wamejitahidi kulipima neno hili. Zipo njia mbili. Njia ya kwanza hupima kuenea tu. Mwaka 2000 David Richardson na wenzake walipendekeza ngazi. Kuna mmea mgeni unaoota nje ya shamba mara moja moja na kutoweka usipoletwa tena. Tuuite mgeni wa kupita. Kuna ule unaojizalisha wenyewe bila kusaidiwa na watu. Tuuite mgeni aliyetulia. Na kuna ule unaojizalisha na kusambaa mbali na mimea mama; huo ndio mvamizi. Walitoa hata kipimo cha kukadiria: kwa mimea inayoenea kwa mbegu, zaidi ya mita 100 katika muda usiozidi miaka 50.

Njia ya pili hupima madhara. Ndiyo njia ya Mkataba wa Bioanuwai. Kifungu cha 8, aya ya (h), kinazitaka nchi kuzuia, kudhibiti au kuondoa viumbe wageni wanaotishia mifumo ya ikolojia, makazi au spishi. Tuangalie sarufi ya agizo hilo. Haliagizi kuondoa wageni wote. Linaagiza kuhusu wale wageni ambao wanatishia. Kishazi hicho kidogo ndicho kinachobeba uzito wote. Anayekiruka anaweza kupeleka panga hata kwenye mwembe, kwa maana mwembe nao asili yake ni Asia.

Njia hizi mbili hazilingani kabisa, kwa sababu mmea unaweza kuenea bila kudhuru sana. Lakini zinakubaliana katika jambo moja: mmea huitwa vamizi kwa kile unachofanya. Shina la ukoo wake peke yake halitoshi kuuhukumu.

4. Ushuhuda wa Amani

Turudi kwenye swali la bustani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipitia mimea ya kigeni iliyobaki hai kutokana na ile iliyopandwa Amani. Zilikuwa aina zaidi ya 200. Zilizosambaa sana ndani ya bustani hazikufika 20. Zilizobaki ama zilikuwa zimetulia zikijizalisha kidogo karibu na zilipopandwa, ama zilisimama tu pale zilipowekwa. Kwa hesabu hiyo, anayesema "mgeni" akimaanisha "mvamizi" angekosea mara nyingi zaidi kuliko angepatia.

Lakini tusilegee, maana hao wachache wana uzito wao. Musizi ni mmoja wao. Ni mti unaokua haraka na kupenda mwanga. Matunda yake huliwa na hondohondo na kima, ambao huzibeba mbegu na kuziangusha ndani ya msitu wa asili. Katika karne ya 20 ulipandwa kwa wingi milimani. Katika miaka ya 1970 na 1980 misitu ya Usambara Mashariki ilikatwa kwa mashine kwa ajili ya viwanda vya mbao, na matundu makubwa yakafunguka katika paa la msitu. Palipoingia jua, musizi uliota. Ukataji huo ulisimamishwa miaka ya mwisho ya 1980, na wakati huo huo wataalamu wakaanza kuonya kwamba musizi ungeweza kuchukua nafasi ya miti ambayo haipatikani penginepo duniani ila katika milima hii na jirani zake.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Mche wa musizi haustawi vizuri kwenye kivuli kizito cha msitu uliofumbana. Unahitaji mlango. Mlango ulifunguliwa na misumeno, na misumeno ilishikwa na watu. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeulaumu musizi peke yake anasahau kuuliza ni nani aliyetoboa paa.

Na hata huyu mvamizi ana upande wa pili. Wanakijiji hupata kwake kuni na mbao, na kila gogo la musizi linalochomwa ni tawi la mti wa asili lililosalimika. Kwa hiyo kazi ya kumpunguza inahitaji subira na mashauriano na watu wanaoishi kando ya msitu. Ukiukata wote kwa siku moja, utafungua matundu mengine, na mbegu zake zinasubiri.

5. Falsafa inatusaidia nini

Aristotle alipanga yote tunayoweza kusema juu ya kitu katika kategoria kumi: dhati, kiasi, sifa, uhusiano, mahali, wakati, mkao, kuwa na kitu mwilini, kutenda na kutendwa. Mwanafunzi anayeona orodha hiyo ni ya kukariri tu aijaribu kwenye maneno yetu mawili.

"-geni" liko kwenye kategoria gani? Si dhati, kwa sababu musizi haupotezi umusizi wake ukivuka kutoka Bukoba kwenda Amani. Ni uhusiano: mti huu ukilinganishwa na mahali hapa. Uhusiano hubadilika hata kama kitu chenyewe hakijabadilika chochote, kama vile baba anavyokuwa mgeni kwa wakwe na mwenyeji kwake jioni hiyo hiyo. "-vamizi" ni neno la kutenda. Linasema kitu kinafanya nini na nini kinatokea kutokana na tendo hilo. Kuruka kutoka uhusiano hadi tendo bila ushahidi katikati ni kosa la mantiki. Hoja "ni mgeni, kwa hiyo ni mvamizi" inakosa dokezo la kati.

Tukitumia tofauti hiyo, tunapata makundi manne badala ya mawili.

Kundi la kwanza ni wageni wasiovamia. Mahindi na mihogo ya meza zetu ni wageni kutoka Amerika. Mkonge pia. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge. 62 tu ilinusurika safari, ikapandwa karibu na Pangani, na kutokana nayo Tanga nzima ikajulikana duniani.

Kundi la pili ni wageni waliovamia, kama musizi katika Usambara Mashariki, au kichaka cha Clidemia hirta kutoka Amerika ya tropiki.

Kundi la tatu ni wenyeji wanaoujenga msitu, kama msambu, ambao mbegu zake hutoa mafuta.

Kundi la nne husahauliwa: wenyeji wanaoharibu. Mkulima wa mpunga au mtama anamjua kwelea kwelea. Ndege huyo ni mwenyeji wa Afrika, hakuletwa na meli yoyote, na kundi lake likishuka shambani halibakizi kitu. Methali yetu ilikwisha sema: kikulacho ki nguoni mwako.

Ni haki kueleza pia kwamba wataalamu wenyewe wanabishana. Mwaka 2011 Mark Davis na wenzake 18 waliandika katika jarida la Nature wakiomba spishi zisihukumiwe kwa asili yake bali kwa athari zake. Wanasayansi 141 wakajibu wakipinga. Walisema wahifadhi hawakatai wageni kwa ugeni wao, lakini asili ya spishi ni jambo la kuzingatia, kwa kuwa mgeni anaweza kukaa kimya miongo mingi kisha akaanza kuenea. Musizi ni mfano mzuri wa hofu hiyo. Kwa hiyo katika mimea neno "-geni" lina kazi halali: ni onyo la kutufanya tuangalie. Kuangalia ni busara. Kuhukumu kabla ya kuangalia ndiko tunakokukataa.

6. Kutoka kwa miti kwenda kwa watu

Sasa tuje mahali penye hatari. Maneno haya yote mawili hutumiwa kwa watu, na Kiingereza hakiko peke yake. Warumi wa kale walikuwa na neno "hostis". Cicero anaeleza kwamba hapo zamani lilimaanisha mgeni tu, mtu wa nje. Kadiri miaka ilivyopita likaja kumaanisha adui. Lugha nzima iliteleza kutoka uhusiano hadi tendo, na hakuna aliyepiga kura.

Kiswahili kimekuwa na bahati. Neno letu "mgeni" linamaanisha mtu asiyejulikana, na pia anayekaribishwa chakula. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii ya pili ni kozi nzima ya mantiki. Haimfukuzi mgeni wala haimwachi akae bure. Inamtoa kwenye kategoria ya uhusiano na kumpeleka kwenye kategoria ya kutenda. Baada ya siku mbili swali "umetoka wapi" limekwisha. Limebaki "unafanya nini".

Lakini tuna maneno mengine pia. Pwani tunasikia "watu wa kuja". Katika wilaya za Tanga maneno hayo yana historia. Mashamba ya mkonge yalihitaji mikono mingi, na wakati wa ukoloni wafanyakazi wa mkataba, waliokuja kuitwa manamba, walitoka Songea, Kigoma, Singida, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Wengi hawakurudi. Watoto na wajukuu wao wamezaliwa hapa na kubatizwa hapa, na wazee wao wamezikwa hapa. Bado siku ya kuchagua kiongozi wa jumuiya au kugawa kiwanja, mtu anaweza kunong'ona: "Yule si wa hapa." Sentensi hiyo inaonekana kama taarifa ya uhusiano. Inavyotumika ni hukumu.

Je, tunaweza basi kuhamisha somo la musizi kwa watu? Hapa jibu letu ni hapana, na sababu yake ni ya kifalsafa. Mti hutenda kwa maumbile ya aina yake. Ukijua musizi mmoja unapenda mwanga, umejua musizi yote. Ndiyo maana mhifadhi anaruhusiwa kuihukumu spishi nzima na kuchukua tahadhari kabla madhara hayajatokea. Mtu hayuko hivyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akiifuata fasili ya Boethius kwamba nafsi ni dhati ya mmoja mmoja yenye akili, anafundisha kuwa viumbe wenye akili wana mamlaka juu ya matendo yao wenyewe. Hutenda wao, hawasukumwi tu. Kwa hiyo tendo la mtu ni la mtu huyo. Halipandi kwenye kabila lake wala halishuki kwa watoto wake. Hakuna kabila vamizi, hakuna dini vamizi, hakuna wilaya vamizi. Kuna watu wanaotenda mabaya, na kila mmoja ataitwa kwa jina lake.

Mtu atauliza: je, wakoloni? Wao walikuwa wageni na walivamia. Ndiyo, na tuseme hivyo bila kumung'unya maneno. Amri ya mwaka 1895 iliifanya ardhi iliyodaiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya serikali ya Kijerumani, na watu wakapoteza mashamba na misitu yao. Lakini tunauita huo uvamizi kwa sababu ya amri, bunduki na kazi ya kulazimishwa. Hayo ni matendo. Yangekuwa mabaya vivyo hivyo kama yangefanywa na mwenyeji, na historia inatuonyesha kwamba wenyeji nao huyafanya.

Maandiko Matakatifu yanakwenda njia hiyo hiyo. Kitabu cha Kutoka 22:21 kinawakataza Waisraeli kumwonea mgeni, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri: ugeni ni uhusiano, na kesho unaweza kuwa wako. Walawi 19:34 inakwenda mbali zaidi na kuagiza mgeni apendwe kama mwenyeji. Ruthu Mmoabi alikuwa mwanamke wa kuja, na kutoka kwake akazaliwa babu yake Daudi. Katika Mathayo 7 Bwana anatupa kipimo cha matunda, si cha shamba mti ulikotoka. Na katika Luka 10 tuangalie jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Aliyemsaidia mtu aliyejeruhiwa anatajwa kwa asili yake: Msamaria. Kuhani na Mlawi wanatajwa pia. Wanyang'anyi hawatajwi asili yao hata kidogo. Tunaambiwa walichofanya tu. Ni sisi wasikilizaji ambao hupenda kuwajazia kabila.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba "alien" husema kitu kimetoka wapi kikilinganishwa na mahali kilipo, na "invasive" husema kinafanya nini hapo. La kwanza linatuonya tuangalie. La pili linahitaji ushahidi. Katika msitu yote mawili yana kazi, na tunapaswa kuwasaidia wahifadhi wanaopunguza musizi ili miti ya asili ipate nafasi. Papa Fransisko katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015 anatukumbusha kwamba kila spishi inayotoweka kwa sababu yetu haitampa tena Mungu utukufu kwa kuwapo kwake. Kulinda msambu dhidi ya musizi ni sehemu ya wajibu huo, na kuziba matundu tuliyoyatoboa wenyewe ni sehemu kubwa zaidi.

Kwa watu, neno la kwanza litumike pamoja na kiti na sahani ya chakula, na baada ya siku mbili, jembe. La pili lisitumike kwa kundi lolote la watu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Taja mimea mitano ya shambani kwako. Ni ipi iliyotoka mbali? Ipi kati ya hiyo inaenea yenyewe na kudhuru mingine?

2. Katika kijiji au mtaa wenu, ni maneno gani hutumika kumtaja mtu aliyehamia? Je, yanasema alikotoka au yanamhukumu?

3. Ni "matundu" gani tumeyafungua wenyewe katika msitu, familia au parokia, kisha tukamlaumu aliyepita humo?

4. Someni Luka 10:25-37. Mnapoisikia habari hiyo, wanyang'anyi mnawafikiria kuwa watu wa wapi, na kwa nini?